Kitabu cha Thelathini

Mtu mwenye akili zake haendi uwanja wa mbao na viatu vyeupe. Lakini Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, misumeno ikilia kila upande na wapagazi wakipiga kelele "Pisha! Pisha!", alitokea dada mmoja amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, miwani ya fremu nyekundu, na viatu vyeupe pe. Alipofika katikati ya uwanja viatu vilikuwa vimeshageuka rangi ya kahawia, naye alikuwa anajifanya hajaona.

"Nataka mbao za rafu," alimwambia muuzaji. "Urefu wake kama mkono wangu, kutoka hapa mpaka hapa."

Muuzaji aliutazama mkono, akalitazama gauni, akafurahi. "Zile pale, dada. Safi kabisa."

"Zile ni mbichi," sauti ilisema nyuma yake. "Ukiziweka ndani, mwezi mmoja tu zitajikunja kama paka aliyelala."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, penseli nyuma ya sikio, futi ya chuma kiunoni. Pale uwanjani walimwita Futi, kwa sababu hakuwahi kukubali kipimo cha mtu mwingine bila kukirudia mwenyewe. Alikuwa seremala, na kiburi chake kilikuwa kwenye kazi yake tu, kwingine kote alikuwa mtu mpole.

"Na wewe nani amekuuliza?"

"Hakuna. Unaweka nini juu ya hizo rafu?"

"Vitabu. Sitini."

"Sitini! Na umesoma vingapi?"

Dada alirekebisha miwani ambayo haikuwa na kosa. Kazi yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani, katika duka dogo lenye kioo kirefu mbele. Kwa siku aliwapa watu kumi, kumi na tano, uwezo wa kusoma tena. Yeye mwenyewe kwa miaka minane alikuwa ananunua vitabu, anavibeba nyumbani kwa furaha, anavinusa, kisha basi.

"Nitavisoma," alisema.

"Sikuuliza utafanya nini."

"Hata kimoja! Umeridhika?"

Futi alicheka mpaka penseli ikaanguka. Huyo dada angeweza kuondoka zake, na nadhani alikusudia. Lakini kicheko kile hakikuwa cha kumdharau, na mwanamume alipoinama kuokota penseli alikipangusa kiatu kimoja cha yule dada kwa kiganja, kwa adabu kabisa, kama mtu anayepangusa meza ya mteja.

"Nitakutengenezea mimi," alisema. "Lakini kwa sharti langu."

Sharti lenyewe alilitoa siku ya Jumatano, alipopeleka fremu nyumbani kwa dada, ghorofa ya tatu. Alivikuta vitabu kila mahali: chini ya kitanda, juu ya friji, kwenye kiti ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukikalia. Kimoja kinene kuliko vyote kilikuwa kimewekwa dirishani kuzuia dirisha lisijifunge na upepo. Futi aliisimamisha fremu ukutani, akaweka pima maji juu yake, akainama, akaangalia, akairudia tena.

"Mbona haina rafu?" dada aliuliza. "Hii si ngazi hii?"

"Rafu zitakuja sita. Kila moja inabeba vitabu kumi. Ukisoma kumi, unanipigia simu, nakuja kuweka ubao mmoja."

"Kwani wewe ni mwalimu wangu?"

"Mimi ni seremala. Sitengenezi stoo ya karatasi. Na wakati nafunga skrubu, utanihadithia ulichosoma. Mimi mikono yangu haina nafasi ya kushika kitabu, ila masikio yapo."

"Na kwa nini usilete mbao zote leo, nikaziweka mwenyewe pembeni?"

Futi alilitazama dirisha. "Ubao mzuri unataka muda. Kila mmoja nautengeneza peke yake."

"Una maringo, wewe."

"Tena mengi, Miwani."

Jina likamkaa. Kuanzia hapo hakumwita vingine.

Miwani alianza kusoma usiku uleule, kwa hasira. Hasira ilikwisha kufika ukurasa wa arobaini, ikabaki hamu. Alisoma akingoja chai ichemke, alisoma kwenye foleni ya benki, alisoma dukani kati ya mteja na mteja huku mashine ya kusaga lenzi ikinguruma. Wiki tano baadaye alipiga simu.

"Haloo, fundi?"

"Miwani! Nilidhani umenisahau."

"Kumi. Njoo na ubao wako."

Akaja, amevaa shati lililopigwa pasi, jambo ambalo wenzake wa karakana walilijadili kwa urefu. Ubao wa kwanza ulipofungwa, Miwani alisimama akavipanga vitabu kumi vya kwanza, akarudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno. Moyo wake ulijaa. Vilikuwa vitabu vilevile vya chini ya kitanda, ila sasa alikuwa anajua kila kimoja kina nini tumboni.

"Unajiona," Futi alisema.

"Najiona, ndiyo. Na wewe je? Umeshaupapasa huo ubao mara ngapi?"

Wakaendelea hivyo. Ubao wa pili ulipokuja, kazi ya nusu saa ilichukua saa tatu. Miwani alihadithia, Futi aliuliza maswali, skrubu zikasahaulika mfukoni. Jioni Futi aliyapeleka yote kwa mama yake, mshonaji wa zamani ambaye macho yalikuwa yamemwishia kwenye tundu za sindano. Mama alikaa na wali wake unapoa, anasema tu, "Ehe? Halafu?"

Sasa tufike kwenye kitabu cha thelathini, ambacho ndicho kilicholeta balaa. Ni kile cha dirishani. Kurasa mia sita, habari za mwanamke mwoka mikate ambaye mumewe aliondoka baada ya ugomvi, akakaa huko miaka kumi na moja. Miwani alifika ukurasa wa mia nne na kitu, mwanamke bado anaoka, mume bado hajulikani alipo. Na wiki tatu zilikuwa zimepita bila kumwona Futi. Simu zilikuwapo, tena nyingi.

"Umefika ngapi, Miwani?"

"Usiniharakishe."

"Nani anakuharakisha? Naulizia afya ya kitabu."

"Kitabu kizima. Mimi ndiye mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Ukija utajua."

"Siji mpaka kumi vitimie. Sharti ni sharti, kipenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kupangwa, simu ikawa ya moto sikioni. Kesho yake asubuhi Miwani alikitazama kitabu, akazitazama zile kurasa mia mbili zilizobaki, akakifunga. Akapiga simu.

"Nimemaliza. Njoo."

Futi alipofika na ubao wa tatu, Miwani alikuwa amevaa lile gauni la njano. Akahadithia. Alipofika pale alipoachia kusoma hakusita, akaendelea na mwisho aliouunda mwenyewe asubuhi ile akiwa anachana nywele: mume amerudi alfajiri, amekuta mlango umefungwa, hana uso wa kubisha. Amekaa kwenye ngazi. Mke amemwona kupitia dirishani, hajasema neno, amerudi kwenye tanuri. Mkate wa kwanza ulipotoka ameukata vipande viwili, amefungua dirisha, amemnyooshea kimoja. Kisha akaondoa komeo.

Futi alikuwa amepiga magoti na bisibisi mkononi.

"Hakumwambia kitu?"

"Hakumwambia kitu."

"Huyo mwandishi ni fundi," alisema, akapangusa jicho kwa mkono wa shati. Kisha akasimama, akamshika Miwani mabegani, akasema anampenda, na kwamba alikuwa anatafuta pa kulisema hilo tangu uwanja wa mbao. Miwani alimjibu kuwa na yeye anampenda, alikuwa anaogopa tu kuwa wa kwanza. Hayo yote yalikuwa kweli tupu. Kitu cha uongo chumbani mle kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa kwenye ubao wa tatu, cha mwisho upande wa kulia.

Ungedhani Miwani angerudi kukimalizia. Alikusudia, lakini mapenzi mapya hayana nafasi ya viporo, na vitabu kumi vilivyofuata alivisoma kwa haki kabisa. Katikati ya hapo Futi alimpeleka mama yake dukani. Miwani alimkalisha mwenyewe mbele ya herufi za ukutani, akambadilishia lenzi mara nyingi kuliko mteja yeyote, akachagua fremu nyepesi isiyoumiza pua. Alipomvisha, mama alitazama mikono yake, akatazama barabara, kisha akamtazama Miwani kwa utulivu.

"Kumbe mzuri hivi," alisema. "Mwanangu alisema, nikadhani anatia chumvi."

"Asante, mama."

"Sasa kitu cha kwanza nitakachosoma kwa macho haya ni kile kitabu cha mwoka mikate. Ule mwisho nimeulilia siku mbili."

Miwani alitabasamu, akaanza kupangusa lenzi ambazo tayari zilikuwa safi. Na siku ya ubao wa nne, kabla hajapata neno la kusema, Futi alikuwa ameshakichomoa kitabu rafuni na kukitia kwenye mfuko wa vifaa. Miwani alijipa moyo. Kurasa mia sita, mtu mzima, miwani mpya. Atachoka njiani.

Hakumjua mama huyo. Alikisoma kwa siku tisa, mpaka zikabaki kurasa kumi na sita za mwisho, nazo zilikuwa zimeshikana kwa juu na pembeni. Karatasi za kitabu hukunjwa kwanza, kisha mashine hukata kingo. Fungu la mwisho lilikuwa limeponyoka mashine, na tangu siku lilipotoka kiwandani hakuna aliyelifungua.

"Lete kisu," mama alisema. Kisha akaangalia vizuri. "Hebu subiri. Huyu binti aliusomaje mwisho?"

Futi alikipokea kitabu, akapitisha kidole juu ya zile kurasa. Alipiga simu palepale.

"Miwani. Kile kitabu cha mwoka mikate ulikisoma chote?"

"Futi, si nilikuhadithia mpaka mwisho?"

"Nimeuliza kama ulikisoma chote."

Miwani aliizima mashine ya kusaga lenzi.

"Kurasa za mwisho hazijakatwa, Miwani. Hata mwenyewe nimejaribu kuchungulia, haiwezekani."

Hapo ndipo angesema. Neno moja tu lilihitajika, na lilikuwa tamu kusikia. Lakini alikuwa amesimama dukani, uso unawaka kwa aibu, na aibu ikimpata mtu mwenye kujivuna hutoka mdomoni kwa sura ya hasira.

"Kwa hiyo siku hizi unanikagua?"

"Mama yangu alilia kwa ule mwisho. Nilimhadithia kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Ni kitabu kimoja, Futi! Kimoja katika arobaini!"

"Na ubao wangu ukipinda mahali pamoja, nimwambie mteja ni pamoja tu?"

"Watu si mbao."

"Najua. Mbao hazinidanganyi."

"Basi kaa na mbao zako!"

"Na wewe kaa na vitabu vyako."

Simu ilikatwa. Ni nani aliyeikata, mpaka leo wanabishana.

Miezi minne ikapita. Miwani alilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikaa mbele ya fremu yenye mbao nne na nafasi mbili tupu, pengo moja kwenye ubao wa tatu, na vitabu ishirini sakafuni. Alijiambia kwamba watu wangesema alisoma kwa ajili ya mwanamume, na mwanamume alipokwenda akaacha. Hilo alilikataa. Akaokota kitabu cha arobaini na moja.

Hivi ishirini vya mwisho hakuwa na wa kumhadithia, kwa hiyo alisoma polepole. Hakuruka hata maelezo ya mandhari. Vingine vilikuwa vibaya, akavimaliza hivyo hivyo na kuvilaani kwa sauti. Kimoja kilimfanya aende kazini amevaa viatu viwili tofauti. Kila alipomaliza kimoja alikisimamisha sakafuni, kimeegemea ukuta, na safu ikaongezeka mpaka ikafika mlangoni. Siku aliyofunga cha mwisho alihesabu: hamsini na tisa. Alijivunia, tena sana, akapiga simu kwa dada yake kumwambia, dada yake akasema hongera huku akimkemea mtoto. Kisha akakaa kitandani akajua kwamba hamsini na tisa si sitini, na mtu pekee aliyetaka kumwambia idadi hiyo alikuwa ndiye mwenye kitabu kilichobaki.

Alifua gauni la njano. Viatu vyeupe alivivaa makusudi.

Karakana ya Futi ilikuwa nyuma ya uwanja wa mbao, paa la bati, harufu ya vanishi na gundi. Alikuwa anapiga randa, na mama yake amekaa karibu na mlango na miwani yake, anashona kifungo. Randa ilisimama.

"Shikamoo, mama," Miwani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Nimekuja kuchukua kitabu changu. Nimesoma hamsini na tisa. Hicho ndicho kimebaki."

Futi aliiweka randa chini. Alipangusa mikono, akafungua droo ya vifaa vyake bora, akakitoa. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa safi. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimeshikana.

"Hamkukata?"

"Nilitaka kukata," mama alisema. "Huyu alikataa. Alisema mwenye kitabu atakuja."

Miwani alimtazama Futi, Futi akaitazama randa. Basi akavuta kibao, akakaa kwenye vumbi na gauni lake, akachukua patasi iliyokuwa juu ya meza, akazikata kurasa moja moja. Akaanza kusoma kwa sauti. Wapagazi walipita wakipiga kelele nje, naye hakupunguza. Alisoma kurasa zote kumi na sita.

Mume hakurudi. Alituma wakili. Wakili alileta barua ndefu kuhusu nyumba na mirathi, na mwoka mikate akaolewa na mwenye kinu cha unga, mtu ambaye hakuwahi kutajwa kabla ya ukurasa wa mia tano.

"Ndiyo hiyo tu?" mama aliuliza. "Miaka kumi na moja, halafu wakili?"

Akaanza kucheka, na kicheko chake kikamshika Miwani, ambaye alikuwa anacheka na kulia pamoja. Futi peke yake hakucheka.

"Wako ulikuwa bora," alisema taratibu.

"Lakini ulikuwa uongo," Miwani alijibu. "Nisikilize, maana sitasema mara mbili. Zilikuwa zimebaki kurasa mia mbili, na wiki tatu sijakuona. Sikuweza kungoja kurasa mia mbili, Futi. Nilikutaka pale chumbani siku ile. Niliposhikwa nikaona aibu, nikakutukana. Nisamehe. Na wewe pia, mama."

"Mimi nilishakusamehe palepale," mama alisema, "nilipokumbuka kitabu chenyewe kilivyo kirefu."

Futi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anajikuna nyuma ya sikio, na Miwani, ambaye kazi yake ni kuona, akaona macho yake yanakimbilia kona moja ya karakana na kurudi. Aliinuka. Kwenye kona hiyo, nyuma ya mlango, zilisimama mbao mbili zilizopigwa msasa na vanishi, zimefunikwa gunia. Aligeuza mmoja. Chini yake paliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa Futi: *5*. Kwenye wa pili: *6*. Na kwenye zote mbili, tarehe. Alikumbuka vizuri sana tarehe ile. Ilikuwa siku ya pili baada ya uwanja wa mbao.

"Futi."

"Naam."

"'Ubao mzuri unataka muda.'"

"Miwani, ngoja nikueleze."

"'Kila mmoja nautengeneza peke yake.' Hizi mbao ulizikata zote siku moja!"

"Zote sita," alikiri. "Zilikuwa tayari hata kabla ya fremu. Ningeziweka zote kwa mchana mmoja."

"Kwa hiyo kwa nini?"

"Ningeziweka kwa mchana mmoja, ningerudi vipi?"

Mama aliweka sindano chini. "Na wewe ndiye uliyemkatia mtu simu kwa uongo wa kitabu? Hebu ondokeni mbele yangu, mkaweke hizo mbao."

Walizibeba kwa mguu, ubao mmoja kila mtu, mpaka ghorofa ya tatu. Futi alipoingia akaiona safu ya vitabu sakafuni kutoka ukutani mpaka mlangoni, alivua kofia. Aliinama akavisoma migongoni, kimoja kimoja, bila haraka.

"Vyote?"

"Vyote. Uliza lolote."

"Siulizi," alisema. "Naona." Na jinsi alivyolisema, Miwani alisikia fahari kubwa kuliko siku ya ubao wa kwanza.

Ubao wa tano ulifungwa. Kitabu cha thelathini kilirudi kwenye pengo lake, baada ya Miwani kuapa kuzimaliza kurasa alizoruka usiku uleule. Ulipofika wa sita Futi hakuuinua. Aliulaza kitandani umepinduliwa, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akampa Miwani.

"Nataka kukuoa," alisema. "Nimeupima huu ukuta, na wa kwangu, na wa mama. Popote utakapotaka tukae nitajenga rafu, tena nitaweka zote siku moja. Ukikubali, andika tarehe hapo chini ya yangu. Ukikataa, nitaufunga ubao hivyo hivyo, ni wako."

Miwani alipandisha miwani puani. Aliandika bila kufikiri sana, akampa penseli yake.

Futi aliinama akasoma. Akahesabu kwa vidole, akarudia, kama ilivyo desturi yake.

"Hizi ni wiki tatu tu!"

"Wiki tatu," Miwani alisema, akishika upande wake wa ubao. "Unajua mwenyewe ninachofanya zikizidi."